FARDHI YA KUMWOKOA ALIYEFIKWA NA MSIBA

Somo kwa wenye kujitolea kutibu na kuokoa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye hakuteremsha maradhi illa aliyateremshia na dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, somo letu la safari hii ni juu ya jambo ambalo kila mtu hulisifu na wachache hulisoma, nalo ni kujitolea kuwaokoa na kuwatibu waliofikwa na msiba. Twataka kueleza hukumu yake katika dini, na elimu ambayo haifai mtu kulifanya pasi nayo, na maandalio yampasayo kila mwenye msikiti na kila mwenye duka katika mitaa hii yetu ya Mchafukoge, Kisutu na Kariakoo.

SABABU YA SOMO HILI

Hakuna kati yetu asiyeikumbuka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024. Asubuhi, watu wako katika kufungua maduka yao, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo na wafanyabiashara na wateja wakafunikwa chini yake. Waliokufa walizidi 20, na zaidi ya watu 80 walitolewa wakiwa hai. Wako waliokaa chini ya zege kwa siku, wakizungumza na waokozi, na kupelekewa maji na hewa kupitia nafasi ndogo zilizosalia.

Na kabla ya hapo, Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, liliporomoka asubuhi. Watu 36 walikufa, na miongoni mwao wamo watoto.

Katika misiba yote miwili, watu wa mitaa yenyewe walikuwa katika wa kwanza kufika. Walichimbua kwa nyundo, na kwa mikono mitupu. Hapana aliyemwuliza mwenzake kabila wala dini. Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri, kwani walifanya kazi ambayo wengine waliitazama tu.

Walakini, ndugu zangu, sifa isitufumbe macho. Mji wetu haukosi moyo, bali wakosa maandalio. Siku ya msiba mamia ya watu hukimbilia mahali pamoja, na katika mamia hayo huenda wasipatikane kumi wajuao namna ya kumshika mtu aliyevunjika mgongo. Wengine hupanda juu ya kifusi wakayakandamiza yaliyo chini. Wengine huziba njia ya gari la wagonjwa. Wengine hutoa simu zao wakapiga picha. Na msiba ukipita, kila mtu hurudi kwenye biashara yake mpaka msiba mwingine, na elimu yetu iko pale pale. Hilo ndilo tutakalo kulizungumza.

HUKUMU YAKE KATIKA DINI

Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ametufundisha katika Sura ya Al-Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Na wanavyuoni wametaja kuwa kumwokoa mwenye kuangamia, akiwa azama au aungua au amefunikwa, ni fardhi. Na utabibu wenyewe ni fardhi ya kifaya: wakipatikana katika mji watu wa kutosha wa kuusimamia, dhambi huwaondokea wote, na wasipopatikana, hupata dhambi wote wenye uwezo.

Imam Ghazali, katika Ihya Ulumi-d-Din, ameuhesabu utabibu katika fardhi za kifaya, na amewalaumu watu wa zama zake kwa kuwa wamesongamana katika elimu ya fiqhi na mabishano yake, na huku iko miji isiyo na tabibu wa Kiislamu hata mmoja. Basi na ajiulize mtu: lau Imam Ghazali angepita leo katika vijiji vyetu vya pwani, kutoka Rufiji hata Kilwa, angeyasema maneno gani?

Sasa, liko jambo ambalo wengi hulisahau. Fardhi ya kifaya haiondoki kwa nia njema tu. Kama maiti asivyokwisha kuoshwa kwa kuwa jirani wamesikitika, ndivyo mgonjwa asivyokwisha kutibiwa kwa kuwa watu wamemkusanyikia. Yapasa kazi itimizwe, na kazi haitimizwi illa kwa elimu.

Imepokewa na Abu Dawud na wengineo kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwa maana yake kuwa mwenye kujifanya tabibu, na hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Tazama maneno haya. Hakusema kuwa asamehewe kwa sababu alikusudia kheri.

Na imepokewa tena na Abu Dawud kisa cha mtu aliyekuwa safarini, akapigwa jiwe kichwani likampasua. Kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama iko rukhsa kwake ya kutayamamu. Wakamwambia haiko, maadamu yaweza kupatikana maji. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume alikasirika mno, akasema kuwa wamemwua, na ya kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale walikuwa marafiki zake, wala hawakumtakia mabaya. Waliomwua ni ujinga wao na haraka yao ya kujibu. Kisa hiki chatosha kuwa somo kwa kila mwenye kujitolea.

WALIOTUTANGULIA

Kujitolea kutibu si jambo geni lililoletwa na Wazungu, kama wasemavyo baadhi ya watu. Katika vita vya Khandaq, sahaba Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi, na Mtume akaamrisha apigiwe khema katika msikiti wenyewe ili awe karibu naye. Na wenye tarikh wametaja kuwa katika msikiti huo palikuwa na khema ya bibi mmoja wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, aliyekuwa akiwatibu majeruhi na kuwakhudumia wasio na mtu, kwa kutaka thawabu. Msikiti wa Mtume, basi, ulikuwa mahali pa swala na mahali pa kutibiwa. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Rubayyi binti Muawwidh kuwa wao wanawake walikuwa wakitoka pamoja na Mtume, wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi.

Tukirudi kwetu, mji huu wa Dar es Salaam nao una tarikh yake. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kikhoja aliyejulikana sana Bagamoyo na Unguja, alitoa mali yake pakajengwa hospitali katika mji huu kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Ilianza mwaka 1897, na mwaka huo huo yeye akafariki. Kazi ya hospitali hiyo iliendelea zaidi ya nusu karne, kisha ikahamishiwa mahali ambapo leo twapaita Muhimbili, na jina la Sewa Haji likabaki katika jengo la wodi huko. Mtu alikwenda, na sadaka yake ikabaki yaenda.

Na liko funzo jingine, lenye uchungu. Jina la Kariakoo latokana na jeshi la wapagazi, ambao Waingereza waliwaita Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Katika vita vile wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa ndivyo vilivyowamaliza, kwa kukosa chakula cha kufaa, na maji safi, na mtu wa kuwatibu. Kila tulitajapo jina la soko letu, twawataja watu waliokufa kwa kutotibiwa, na huku hatujui.

YAMPASAYO KUYAJUA MWENYE KUJITOLEA

Hatutaki kumfanya msomaji kuwa tabibu kwa kurasa chache. Twataka ajue kiasi cha kutomdhuru mtu, na ajue mahali pa kusimama akawaachia wajuao. Na baada ya kusoma haya, aende akajifunze kwa mikono yake, kwa waalimu wa huduma ya kwanza, kama wa Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, au kwa waganga na wauguzi walio katika jamaa ya msikiti wake.

La kwanza: aliyeanguka au aliyefunikwa. Usimwinue kwa kumvuta mikono na miguu. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, na kamba ya neva iliyo ndani yake bado nzima, mvuto mmoja wa haraka waweza kuikata, na mtu ambaye angetembea akawa hatembei tena maisha yake yote. Ila pakiwa na moto au hatari ya kuangukiwa, mwache alipo, mshike kichwa kisicheze, na ungoje machela. Akihamishwa, kichwa na shingo na mgongo viende pamoja kama ubao mmoja. Na atokwaye na damu nyingi, mkandamize jeraha kwa nguo safi, kwa nguvu na bila ya kuachia, mpaka afike kwa tabibu.

La pili: aliyebanwa kwa muda mrefu. Hili watu wengi hawalijui. Mtu akibanwa mguu na zege kwa saa nyingi, nyama ya mguu ule huanza kufa, na sumu hujikusanya ndani yake. Wakati zege liko juu, sumu hukaa pale pale. Likiinuliwa kwa ghafla, damu huichukua sumu ile, na pamoja nayo chumvi iitwayo potasiamu, mpaka moyoni na katika mafigo. Mtu aliyekuwa akizungumza na kucheka huweza kufa katika dakika chache baada ya kutolewa, na watu wakashangaa. Kwa sababu hiyo matabibu hutaka kumtia maji ya mshipani kabla hajatolewa. Basi ukimkuta mtu wa namna hiyo, usione fakhari ya kuwa wewe ndiye uliyemtoa. Mwite tabibu kwanza, umwambie amebanwa tangu saa ngapi.

La tatu: damu. Kila msiba ukitokea, watu hupanga safu kutoa damu, na hilo ni jema. Lakini damu itolewayo leo haiingii mwilini mwa majeruhi wa leo hivi hivi, kwani sharti ipimwe ukimwi, na homa ya ini, na kaswende. Imwokoayo majeruhi katika saa za kwanza ni damu iliyotolewa kabla, ikawekwa katika jokofu. Na damu ile haidumu: baada ya siku 35 au 42, kwa namna ilivyohifadhiwa, hutupwa. Maana yake ni kuwa mji wahitaji watu wa kutoa kila mwezi, si mara moja kwa mwaka siku ya kilio. Mwanamume mwenye siha aweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Lau misikiti yetu ya Kitumbini, Manyema, Mtoro na Idrisa ingegawana miezi, kila msikiti na zamu yake, damu isingekatika.

La nne: mafuriko na kipindupindu. Tarehe 20 Desemba 2011 mvua kubwa ilishuka juu ya mji huu, bonde la Msimbazi likajaa, na Jangwani, iliyo ubavuni mwa Kariakoo, ikawa bahari. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi waliokosa makao walihamishiwa Mabwepande. Na mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka katika mji huu, kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika hata Zanzibar. Maji ya mafuriko huchanganya choo na kisima. Anayenusurika na maji ya juu huuawa na maji ya mtungini.

Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na chaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu katika saa chache. Lakini akitibiwa upesi na sawasawa, katika wagonjwa 100 hafi hata mmoja. Dawa yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari. Pakiti ya dawa iuzwayo katika maduka ya dawa hukorogwa kwa lita 1 ya maji safi. Isipopatikana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, kwani kwa mtoto huwa ni sumu. Mnyweshe kidogo kidogo huku wampeleka hospitali, na mtoto anyonyaye asiachishwe ziwa. Mji wenye mtaa ambao jina lake lamwambia mchafu akakoge haufai kuwa mji wa kufa kwa uchafu.

La tano: dawa. Usikusanye vidonge vilivyobaki majumbani ukavipeleka kwa waliofikwa. Huko Aceh, nchi ya Indonesia, kwa Waislamu wenzetu, baada ya mawimbi makuu ya tarehe 26 Desemba 2004, ambayo yalifika mpaka pwani yetu na kuua watu Dar es Salaam, zilipelekwa dawa maelfu ya tani. Nyingi hazikuombwa na mtu, na nyingine maandishi yake yalikuwa kwa lugha wasiyoijua wauguzi wa huko. Ikawa lazima itafutwe mali nyingine ya kuziharibu. Waliozituma walidhani wametoa sadaka, na kumbe wamewatwika wenzao mzigo. Waulize kwanza walio huko: mwataka nini? Kisha peleka hicho, hata kikiwa ni ndoo na sabuni.

BAADA YA UMATI KUONDOKA

Ndugu zangu, msiba wenye kishindo huvuta watu, na msiba usio na kishindo hauna mtu. Mama ajifunguaye usiku katika kijiji cha deltani mwa Rufiji, naye hana mashua, yu katika msiba. Mzee asiyeona kwa mtoto wa jicho, na ambaye upasuaji mdogo ungemrudishia nuru, yu katika msiba. Mwezi wa Aprili 2024 Mto Rufiji ulipofurika na watu wa Rufiji na Kibiti wakakosa mashamba na nyumba, misaada ilipelekwa, na khabari zikaandikwa. Lakini upungufu wa waganga huko ulikuwapo kabla ya maji, wala haukuondoka na maji.

Twawaona watu wema wakifunga safari ya siku moja kwenda kijijini na matabibu na masanduku ya dawa. Hilo ni jema, ila lina adabu yake. Mwenye shinikizo la damu akipewa vidonge vya wiki moja, kisha asionane tena na mtu, hakutibiwa. Ametiwa khofu tu, akajua ana ugonjwa na hana wa kumtazama. Maradhi ya moyo, na sukari, na shinikizo la damu, hutaka mtu wa karibu wa kila mwezi. Kwa hiyo mwenye kwenda kijijini aende kwa kushauriana na zahanati ya pale pale, awaachie daftari la wagonjwa, na arudi. Na ikiwa hawezi kurudi, bora mali yake aisomeshe binti mmoja wa kijiji kile uuguzi, kwani huyo atakaa.

Mfano mwema tunao karibu. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hapo Muhimbili, matabibu wa kujitolea kutoka nchi za nje, na miongoni mwao waliokuja na jumuiya za Kiislamu za Saudi Arabia na Uingereza, wamekuwa wakija kupasua mioyo ya watoto bure. Lakini hawakupasua peke yao. Walisimama pamoja na matabibu wa hapa. Mgeni akiondoka, mtoto hubaki na moyo mzima, na mji hubaki na elimu. Hivi ndivyo kujitolea kunavyotakiwa kuwe.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Niko katika swala ya fardhi, na nasikia mtu azama au ukuta umemwangukia. Nifanye nini?
Jibu: Ikiwa waweza kumwokoa na hapana mwingine, yakupasa uikate swala umwokoe, kisha uiswali. Swala yalipwa, na roho hailipwi.

Suala: Yafaa mwanamume kumtibu mwanamke asiye maharimu wake?
Jibu: Akipatikana mwanamke mjuzi, yeye ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, na hatari ipo, dharura huruhusu kwa kadiri ya haja tu, na afunuliwe pale penye jeraha bila ya kuzidi. Na dawa ya suala hili ni kuwasomesha binti zetu, si kumwacha mwanamke afe.

Suala: Je, kutoa damu hufunguza saumu?
Jibu: Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, hakufunguzi, kwa kukisia kuumikwa. Lakini ni karaha kwa yule ambaye kutamdhoofisha. Akipenda atoe usiku, baada ya kufuturu na kunywa maji.

Suala: Waliofikwa wasiokuwa Waislamu, nao wana haki kwetu?
Jibu: Ndiyo. Katika Sura ya Ad-Dahri wamesifiwa wenye kumlisha maskini na yatima na mateka, na wafasiri wamesema kuwa mateka wa siku zile alikuwa ni mshirikina. Ikiwa mateka wa vita hulishwa, seuze jirani tuliyenunua kwake na kuuziana miaka yote? Roho iliyo chini ya kifusi haiulizwi imani.

Suala: Ugonjwa ukizuka katika mji, je, kuukimbia ni kuikimbia kadari?
Jibu: Mtume amekataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kukimbia. Na Sayyidna Umar alipofika Sargh, karibu na Sham, akasikia khabari ya tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida alipomwuliza kama waikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa wakimbia kutoka kadari yake kwenda katika kadari yake. Basi kutaka kinga, na chanjo, na kunawa mikono, hakupingani na kutawakali. Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali.

Suala: Yafaa kuwapiga picha waliofikwa, ili watu wahurumie watoe?
Jibu: Mtu aliye uchi wa nguo au wa akili, aliyejaa damu na vumbi, hana uwezo wa kukupa idhini. Kumpiga picha na kuitawanya ni kuivunja heshima aliyopewa na Mola wake. Ama picha ya mpokeaji akishikishwa mfuko wa unga huku mtoaji acheka, hiyo iko karibu sana na masimbulizi, na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi.

KHATIMA

Tukiyakusanya tuliyoyasema, twaona kuwa mambo haya hayataki mali nyingi. Yataka daftari na kudumu. Kila msikiti na uwe na daftari moja, na ndani yake yaandikwe: nani katika jamaa ni tabibu, nani muuguzi, nani mwenye duka la dawa, nani amejifunza huduma ya kwanza, nani hutoa damu, na ya kundi gani, nani ana gari na hulala karibu, na funguo za msikiti ziko kwa nani usiku, ili mlango ufunguliwe watu wapate pa kulazwa. Uwe na machela mbili, na nguo safi, na pakiti za dawa ya kuharisha, na vitazamwe kila baada ya miezi 3. Na vijana 20 wafundishwe kila mwaka, kabla ya Ramadhani, namna ya kumshika majeruhi na namna ya kuwazuia watu wasisongamane. Wakipatikana vijana 20 katika kila msikiti, hiyo ni kheri kubwa kuliko watu 1000 wenye huruma wasiojua la kufanya.

Na siku ya msiba, mwenye kujua atangulie, na asiyejua atii. Asiyejua akisimama kando akaifungua njia ya gari, amepata thawabu ya kuokoa. Na asiyejua akijitia mbele, akamvuta mtu akamlemaza, Mtume amekwisha kutwambia kuwa yeye ni mdhamini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa chini ya majengo na ndani ya maji, awape subira jamaa zao, awaponye waliobaki na vilema, na awalipe waliochimbua kwa mikono yao. Na atujaalie tuwe katika wenye kujifunza kabla ya siku ya haja, si katika wenye kujuta baada yake. Amin.

Wassalamu alaikum wa rahmatu Llahi wa barakatuh.